Kinu cha Bi Somoe na Tume ya Neno Askari

Hebu nikuulize wewe uliyekaa kitako unasoma: ukimwona mtu mwenye kofia na kirungu anakuja upande wako, nawe hukuiba, hukupigana, wala hukumtukana mtu, kwa nini unavuka barabara?

Usinijibu. Mtukufu Rais wa nchi yetu aliuliza swali hilohilo, na waliomjibu upesi wako porini hivi sasa wanahesabu miti. Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa woga, la. Wiki niliyoanza kuandika habari hii jina lilikuwa limepelekwa kwa fundi wa mabango kubadilishwa, na hilo jipya rangi yake haijakauka.

Ilikuwa hivi. Mtukufu alikuwa akipita mjini ndani ya gari lake, akashusha kioo kidogo apate hewa ya wananchi. Akamwona askari mmoja anatembea kando ya barabara, anakula muhogo wa kuchoma. Upande ule alikuwa peke yake kama mwezi. Upande wa pili watu wamesongamana mpaka muuza maji ya miwa ametumbukia mtaroni na mashine yake.

"Mbona watu wangu wanawakimbia askari wangu?" akauliza.

Waziri wa Amani na Utii akajibu, "Mtukufu, askari wetu hawana kasoro. Tatizo ni neno. Neno limechakaa. Watu wakilisikia wanashtuka bure."

Mtukufu alifurahi sana, maana neno halina mjomba serikalini, unaweza kulifukuza kazi na asije mtu kukulilia. Jioni ileile ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Asili, Mwendo na Tabia ya Neno Askari. Wajumbe kumi na mmoja: tisa walikuwa askari, wa kumi kinyozi wa Mtukufu, na wa kumi na moja dereva aliyehesabiwa kwa makosa, lakini walipogundua alikuwa ameshaapishwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Daktari Kamishna Shekuwe, aliyepewa udaktari kwa kupiga gwaride vizuri kwenye mvua.

Wangeniuliza mimi wasingechoma mafuta. Neno hilo nimeishi nalo.

Bibi yangu alinisimulia kwamba kwetu lilikuja na wageni, limebeba bunduki. Askari wakati huo alikuwa kijana wa kijiji cha mbali aliyepewa kaptula akaambiwa akahesabu vibanda vya kijiji cha karibu. Kijana wa kijiji cha karibu naye akapewa kaptula akahesabu vya kile cha mbali. Hivyo kila mtu alihesabiwa na mtu asiyemjua, na wageni walikaa kivulini.

Uhuru ulipokuja neno likaogeshwa. Mimi nilikuwa darasa la pili. Askari aliyekuja kupandisha bendera shuleni alikuwa na soksi nyeupe mpaka magotini, akatugawia pipi za mint, kila mtoto moja, na mwalimu mbili. Mwalimu akauliza tunataka kuwa nani tukikua. Watoto arobaini na mmoja tukajibu askari. Mmoja akasema nesi, akachekwa mpaka akalia. Ikatoka na kanga kabisa, imeandikwa ASKARI WANGU TAA YANGU. Ninacho kipande, nashikia masufuria ya moto.

Kisha zikaja Siku za Maendeleo, askari akapewa rula apime nyasi za kila ua. Baadaye zikaja Siku za Mkazo, ambazo hatuzisemi, lakini kila mtu anajua alikuwa amejificha wapi. Hapo neno likaanza kuzurura. Jirani yangu paa lake likivuja husema, "Askari kaingia," kwa kuwa maji hayakupiga hodi. Panya mkubwa wa ghalani ni askari, mdogo ni kuruta. Mke wa Sajini Mbaruku mwenyewe, mkuu wa kituo chetu, nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili akimtisha mtoto wake: "Nyamaza! Askari anakuja!" Mtoto akanyamaza kimya. Aliyeingia ni baba yake, kashika mkate.

Sasa nikwambie langu, maana mimi na Tume tulikutanishwa na kinu.

Kinu changu ni cha mninga, alikichonga babu mzaa mama. Mdomoni kina ufa uliozibwa kwa waya wa shaba, na kiunoni kimezungushiwa nakshi kama shanga, shanga ishirini na tatu, ya ishirini na nne patasi iliteleza. Kwetu bibi harusi hatoki kwao mpaka bibi yake amemtwangia mpunga wa safari ndani ya kinu cha ukoo, vibaba saba, wanawake wakipokezana nyimbo. Kinu cha kuazima, ndoa ya kuazima; hivyo ndivyo tunavyosema.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumapili moja asubuhi, ilikuwa Sikukuu ya Usingizi wa Mtukufu. Si huyu wa sasa, yule aliyetangulia. Amri ilisema taifa zima lisitoe mlio saa mbili mpaka saa nne, ili yeye asinzie Ikulu, ambayo kutoka kwetu ni safari ya siku mbili kwa basi. Mimi sina redio. Nilikuwa natwanga.

Nilipoona askari wanaingia uani, nikauchomoa mchi nikauegemea, nikajifanya nachechemea. Wakakizunguka kinu mara mbili, wakakibeba. Wakaandika kwenye daftari la kituo, nami nilisomewa ili nitie dole gumba ingawa kuandika najua: "Ngoma ya mbao ya uchochezi, moja, yenye tundu. Mwenzake, mchi, ametoroka, anasakwa."

Tangu siku hiyo kila Jumatatu nimekwenda kituoni kukiulizia, nikiuegemea mchi uleule. Nimechechemea Jumatatu zote za miaka kumi na tisa, mpaka mguu wenyewe ukaamini.

Binti zangu wawili waliolewa kwa kinu cha kuazima. Mmoja alirudi mwezi wa nne na godoro lake kichwani. Wa pili hajarudi, lakini mumewe anakoroma mpaka kuku wanahama. Watu walitazama tu pale uani kilipokuwa kinakaa kinu, pameota majani.

Sasa ikawa zamu ya mjukuu wangu, Mwanahawa. Harusi Jumamosi. Akaniambia waziwazi, "Bibi, mimi kwa kinu cha kuazima sitoki. Wenye harusi warudi na vyombo vyao. Nitakaa hapa nizeeke na wewe."

Na Mwanahawa akisema kitu, hata mvua inamsikiliza.

Jumatatu ya wiki ile nikaenda.

"Hodi kituoni."

"Karibu, Bi Somoe. Mguu vipi?"

"Unanifuata. Mbaruku mwanangu, nimekuja kwa kile kinu. Jumamosi Mwanahawa anaolewa."

Sajini alikuwa amekikalia. Kimegeuzwa, mdomo chini kitako juu, na kitako chenyewe kimeng'aa kama kipara cha tajiri. Kituo chetu si kikubwa: kina meza moja, daftari moja, picha ya Mtukufu iliyofunikwa nailoni isipate vumbi, na kinu changu.

"Bi Somoe, kila wiki nakueleza. Kidhibiti hakitoki mpaka kesi iishe."

"Na kesi itaanza lini?"

"Mwenzake akipatikana. Huwezi kumshtaki mmoja na mwingine yuko mitaani. Ndiyo sheria." Akanionyesha ukutani. Palibandikwa picha ya mchi iliyochorwa kwa mkaa, juu yake imeandikwa ANATAFUTWA. Nilisimama chini ya picha ile nimeuegemea mchi mwenyewe, nikaitazama kwa utulivu. Mchoraji alikuwa ameunenepesha kidogo.

"Una sura ya ukatili," nikasema.

"Sana," akasema Sajini.

"Mbaruku, mama yako Bi Hadia, Mungu amrehemu, alikuja kuazima kinu hicho ulipoota jino la kwanza. Mtama wa uji wako ulitwangwa humo. Leo umekikalia."

Akatazama chini. "Najua, bibi. Miaka kumi na miwili niko hapa na kila siku nakumbuka." Akafungua kinywa kama mtu mwenye neno, akaliangalia daftari, akakifunga. "Ni kwamba... Basi tu. Chukua karatasi yako ya Tume."

Tume ilikuwa inakuja kwetu wiki ileile kusikiliza mashahidi, na mimi nilipangwa shahidi namba tatu. Karatasi ilisema: "Atakumbuka ghafla. Aseme: Nilipokuwa mdogo askari alinibeba mgongoni akanivusha mto. Afute chozi."

"Mwanangu, hapa hapana mto."

"Tumeshauombea wilayani."

Tume ilifika Alhamisi. Lori lilitangulia, likashusha turubai na viti kumi na kimoja vya mbao, vina mito ya kijani, kila kimoja kimechapwa mgongoni MALI YA SERIKALI. Wajumbe wakaketi kivulini, sisi tukaketi chini juani, na Sajini Mbaruku, kwa kuwa alikuwa zamu, akabaki mlangoni pa kituo juu ya kinu.

Daktari Kamishna Shekuwe akasimama. Nishani zake zililia kama masufuria yanayooshwa.

"Ndugu wananchi! Neno ni nini? Neno ni mbegu! Neno ni reli! Neno ni mgongo wa taifa, na taifa ni mgongo wa neno, na katikati ya migongo hiyo miwili ndipo tulipo sisi!"

Tukapiga makofi. Palipo na migongo miwili mtu hupiga makofi upesi.

Shahidi wa kwanza alikuwa Machano, fundi baiskeli. Masikini, Sajini alichanganya karatasi, akampa ya mkunga. Machano ni mtu mtiifu. Akasoma kwa sauti: "Mimi nimezalisha wake za askari thelathini, na watoto wote walitoka wakipiga saluti."

Nikaona sasa wataangua kicheko. Wapi! Kinyozi wa Mtukufu akainamisha kichwa, akaandika. "Wote?" akauliza.

"Isipokuwa pacha mmoja," akasema Machano, jasho linamtoka. "Mkono wake ulikuwa umebanwa."

Mkunga Bi Pili naye akasimama akaeleza jinsi askari alivyomshikia taa akiziba pancha usiku kucha. Tume ikatikisa vichwa kwa huzuni njema.

"Shahidi namba tatu! Bibi, neno askari asili yake nini? Kumbuka ghafla."

Nikasimama na mchi wangu. Nikaitazama karatasi, nikamtazama Mwanahawa aliyekaa na wenzake, mikono imeshapakwa hina, uso ameukunja. Nikaikunja karatasi.

"Mheshimiwa, mimi sina mto. Nitakwambia ninachokijua, nacho ni kinu. Kinu ukitwangia mpunga hutoa mchele mweupe. Ukitwangia pilipili mwaka mzima, kesho ukatwangia mtama wa mtoto, uji utawasha, hata ukioshe mara tatu. Sasa mtoto akilia, utakibadilisha kinu jina?"

Dereva aliyekuwa mjumbe akasema polepole, "Hiyo kweli." Wenzake wakamkata jicho.

"Kwa hiyo asili ya neno ni pilipili?" akauliza kinyozi, kalamu juu.

"Andika upendavyo, baba."

"Na hicho kinu kiko wapi?" akauliza Mwenyekiti. Nadhani alitaka kukitia kwenye hotuba.

"Pale. Kimekaliwa na Sajini."

Watu wote wakageuka. Sajini Mbaruku akaruka juu kama aliyekalia siafu. Daftari likaletwa, likasomwa mbele ya watu: ngoma ya uchochezi, tundu moja, mwenzake anasakwa.

Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Bibi, sheria ni sheria. Mpaka mtoro apatikane."

Nikwambie kweli. Mchi ule ulikuwa ndio mali pekee iliyobaki ya ukoo. Nikiutoa, huenda nao ukafungwa, nikabaki bila kinu, bila mchi, na bila mguu wa kuchechemea. Lakini Mwanahawa alikuwa ananitazama. Nikauinua juu kwa mikono miwili.

"Mtoro huyu hapa, Mheshimiwa. Kila Jumatatu anakuja kituoni kujisalimisha. Hakuna aliyemuuliza jina."

Walicheka! Machano alicheka mpaka akalala chali. Askari wawili wakaja na ile picha ya ukutani wakailinganisha na mchi, mmoja akasema, "Amekonda." Mwingine akasema, "Maisha ya mafichoni."

"Kimya!" akanguruma Kamishna. "Watuhumiwa wote wawili wamepatikana, kesi ifunguliwe hapahapa. Karani, soma jina la mlalamikaji."

Karani akafungua daftari, akasoma kimoyomoyo, akalifunga. Uso ulikuwa mweupe kama unga.

"Soma, bwana!"

"Mheshimiwa, aliyeamshwa na kinu ni... yule. Aliyetangulia."

"Nani?"

"Yule ambaye amri namba sita inasema atakayetaja jina lake aende kuhesabu miti."

Kamishna akatazama angani, akatazama wajumbe wake, nao wakatazama viatu. Hakuna kesi isiyo na mlalamikaji, na mlalamikaji hatajiki. Nasikia hivyo ndivyo watu wengi wazuri walivyopata haki zao mwaka ule.

"Kesi imefutwa," akasema. "Haikuwahi kuwapo. Bibi apewe chake. Na sasa nitangaze matokeo ya uchunguzi."

Akatoa bahasha yenye lakiri ya Ikulu. Matokeo yalikuwa yameandikwa mwezi uliopita, kabla ya uchunguzi, ili yasichelewe. Akasoma: "Kuanzia leo neno askari limestaafu kwa heshima. Atakayevaa kofia na kushika kirungu ataitwa Mfariji."

Tukapiga makofi marefu. Nyuma yangu mtoto mchanga akaanza kulia kwa joto. Mama yake, mke wa Machano, akamtikisa mgongoni akanong'ona, "Nyamaza, Mfariji anakuja!" Mtoto akanyamaza papo hapo. Neno jipya lilikuwa limeshaanza kazi, hata nailoni yake haijavuliwa.

"Haya, Mfariji Mbaruku!" akaita Kamishna. "Wewe ndiye wa kwanza katika taifa. Mpe bibi kinu chake."

Sajini hakusogea. Alikuwa amekikumbatia kinu kifuani, mikono imekizunguka pale penye shanga.

"Mfariji! Nimesema mpe."

Bado. Wanawake wakaanza kuguna. Bi Pili akasema kwa nguvu ili asikike, "Jamani, jina wamembadilisha, roho je?" Mwanahawa akainuka. Nilidhani anaondoka, kumbe anakwenda kumnyang'anya.

Nikamtangulia. Nikamwendea polepole; safari hii nilisahau kuchechemea.

"Mbaruku," nikamwambia chini kwa chini. "Una nini, mwanangu?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Akanitazama, akawatazama wajumbe kumi na mmoja juu ya mito yao. Kisha akaja, hatua tatu, akakiweka kinu chini mbele yangu, akakigeuza. Mdomo juu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Vumbi likatoka, akatoka na mjusi. Vigelegele vikapigwa mpaka turubai likatikisika, na Mwanahawa akaingiza mkono ndani akalia na kucheka pamoja.

Sajini akarudi mlangoni. Akafika pale kinu kilipokuwa, akaanza kuinama kuketi kama alivyozoea, akakumbuka, akabaki ameinama nusu, mikono magotini, hajui aende juu au chini.

"Kazi nzuri, Mfariji!" akasema Kamishna. "Taifa linajivunia. Sema, unataka nini? Nishani? Cheo? Picha yako ipelekwe Ikulu?"

"Mheshimiwa, nisamehe," akasema Mbaruku. "Kanuni ya tisini na moja inasema wa zamu asikalie kitu kisicho mali ya serikali. Si jiwe, si ndoo, si kigoda cha jirani. Nimeandika barua kumi na nne. Nimejibiwa mara moja, wakaniuliza, kituo kina kidhibiti chochote chenye kitako bapa? Ndiyo maana miaka yote hii namzungusha bibi huyu aliyenilea, namwambia kesho, namwambia kesi, nikimuona njiani navuka barabara mimi, siyo yeye. Magoti yangu yanauma kuanzia saa moja asubuhi, na mtu magoti yakimuuma hata salamu anaijibu kwa ukali."

Wajumbe wote, nikaona, walikuwa wameshika mikono ya viti vyao.

"Niiteni askari, niiteni Mfariji, niiteni hata panya," akasema Sajini Mbaruku. "Mimi nataka kiti."